MASHINE ZIMENUNULIWA. WATU JE?



Siku ya kufungua mashine ya kutibu saratani, wakubwa hukata utepe, picha hupigwa, na hotuba huwa ndefu. Hatuna ugomvi na utepe. Saratani inatumaliza. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, mwaka 2022 watu zaidi ya 44,000 katika Kenya walipatikana na ugonjwa huu, na zaidi ya 29,000 walikufa nao. Kwa miaka mingi hospitali ya Serikali yenye tiba ya mionzi ilikuwa moja tu, ile ya Kenyatta, Nairobi. Mtu wa Lamu au wa Lodwar alisafiri mpaka huko, akangoja zamu yake miezi. Sasa mashine zimefika Mombasa, Nakuru na Garissa. Hilo ni jema, nasi twalisifu.

Lakini twauliza swali lisiloulizwa siku ya utepe: nani ataziendesha mashine hizi, amefunzwa kazi hiyo wapi, na nani alimlisha alipokuwa akifunzwa?

Wako wasemao kwamba mashine za siku hizi zina kompyuta, zajua kila kitu. Basi, wasema, chukua kijana yeyote wa eksirei, mpe kozi ya miezi michache, mweke mbele ya vifungo. Maneno haya ni ya mtu ambaye hajaiona kazi yenyewe.

Na tuieleze. Eksirei ya kawaida hupiga picha ya mfupa, mgonjwa akaenda zake. Tiba ya mionzi si picha. Ni kuelekeza mionzi yenye nguvu nyingi ndani ya mwili ili kuua chembe za saratani, na kuuacha salama mwili ulio kando yake. Dozi haitolewi yote siku moja. Hugawanywa mara 15, mara 25 au zaidi, na kwa kawaida mgonjwa huja siku 5 kila juma. Kila siku lazima alale vile vile alivyolala siku ya kwanza. Alama ndogo za ngozini hulinganishwa na mstari wa taa. Anayetibiwa kichwa huvishwa kinyago kilichoumbwa kwa uso wake mwenyewe. Wafanyakazi wawili huhakikisha jina, upande na kipimo. Kisha hutoka, mlango mzito hufungwa, na mgonjwa hubaki peke yake akitazamwa kwa kamera. Kosa la sentimita moja laweza kuuacha uvimbe na kuuchoma uti wa mgongo.

Tena, fundi huyu humwona mgonjwa mara nyingi kuliko daktari. Yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba ngozi imeanza kuchubuka, kwamba mdomo una vidonda na mama hali chakula, kwamba mzee amekata tamaa na kesho hatarudi. Na mgonjwa akiacha kuja, tiba yake huharibika. Ndiyo sababu masomo haya ni mengi: fizikia ya mionzi, maumbile ya mwili, tabia ya saratani, upangaji wa dozi na utunzaji wa mgonjwa, pamoja na majuma mengi ya kazi hospitalini chini ya jicho la mwenye ujuzi.

Anayedhani twatia chumvi na akumbuke yaliyopita. Mwaka 1996, mjini San José, nchi ya Costa Rica, mashine ya kobalti ilitiwa kobalti mpya. Katika kupima upya, sehemu 0.3 ya dakika ilihesabiwa kuwa sekunde 30, kumbe ni 18. Hesabu ya mtoto wa shule! Wagonjwa 115 walipewa mionzi kupita kiasi kabla ya kosa kugunduliwa.

Na ile mashine iitwayo Therac-25, iliyotengenezwa Kanada? Kati ya mwaka 1985 na 1987 iliwapiga watu 6 dozi kubwa mno, huko Marekani na Kanada, na baadhi yao walikufa. Katika mji wa Tyler, Texas, mwaka 1986, mashine ilionyesha kosa namba 54. Mwongozo wake haukueleza maana ya namba hiyo. Mwendeshaji alikuwa amezoea kuona makosa mengi ya mashine hiyo, akabonyeza iendelee. Siku hiyo kamera na chombo cha kusikilizia havikufanya kazi, naye hakujua kwamba mgonjwa ameumia. Kampuni ilisema kwamba jambo hilo haliwezekani. Nani aliyeonyesha kwamba lawezekana? Ni mwendeshaji yule yule, pamoja na mwanafizikia wa hospitali, waliorudia hatua zote moja moja mpaka kosa likatokea tena mbele ya macho yao. Ilikuwa kasoro ya kompyuta. Ndugu, mfanyakazi anayeielewa kazi yake ndiye aliyeikamata mashine ikidanganya. Asiyeielewa angebebeshwa lawama na kufukuzwa.

Sasa tuje kwenye chakula. Mwanafunzi wa kazi hii hushinda hospitalini akiinua wagonjwa, akiwapanga kitandani, akiwatuliza. Tunajua mahali ambapo hatoi jasho lake bure tu, bali hulipishwa kwa kuruhusiwa kulitoa! Nauli ni yake, chumba ni chake, njaa ni yake. Mtoto wa kibarua ataimaliza vipi miaka hiyo? Ataacha, na nafasi itachukuliwa na mwenye baba tajiri.

Wasituambie kwamba ndivyo ilivyo duniani. Huko Uingereza walijaribu. Kuanzia mwaka 2017 wanafunzi wapya wa kazi hizi waliondolewa msaada wa Serikali, wakaachiwa deni la ada la hadi pauni 9,250 kwa mwaka. Mwaka 2020 Serikali ile ile ililazimika kurudisha msaada wa pauni 5,000 kwa mwaka, usiolipwa tena. Wenye mali wameonja kosa hilo wakalitema; sisi tulimeze?

Watasema, "Tukiwafunza watakwenda ng'ambo." Twajibu: wapeni kazi ya kudumu na mshahara unaofaa. Kijana aliyehitimu akikaa nyumbani bila ajira, ni nani aliyemfukuza?

Watasema, "Fedha hakuna." Tangu Oktoba 1924 au 1964? La, tangu Oktoba 2024, mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi kwa ajili ya bima ya afya. Fedha ni zetu. Hakuna tajiri anayenunua lori kisha akasema hana fedha ya dereva.

Kwa hiyo twadai haya:

1. Kila mashine inaponunuliwa, fedha za kuwafunza waendeshaji wake zitengwe papo hapo, nao waanze masomo kabla mashine haijafika.

2. Asiguse mashine ya tiba mtu ambaye hakufunzwa tiba.

3. Mwanafunzi aliye hospitalini apewe posho ya kumtosha, na asilipishwe hata senti kwa kufanya kazi.

4. Apewe beji ya kupimia mionzi tangu siku ya kwanza, na asomewe matokeo yake. Kipimo kinachokubaliwa duniani kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Mionzi haimwulizi mtu kama ni mwanafunzi au ameajiriwa.

5. Akihitimu, akute cheo na mshahara vinamngoja.

Msiseme kwamba haya ni mambo ya watu wa hospitali peke yao. Mtu wa reli, wa bandari, wa shamba la chai, atalala kitandani pale siku moja, yeye au mkewe. Mlango mzito utafungwa. Atakayekuwa nje akishika vifungo ni lazima awe mtu aliyefunzwa, aliyeshiba, na asiye na hofu ya kusema "Simamisha." Leteni jambo hili katika mkutano wa tawi lenu mwezi huu, lipigiwe kura, na azimio lifike ofisini.

UMOJA NI NGUVU.