Siicheki Filamu Hii

Jumamosi jioni ukumbi wa video hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, ulijaa hadi mlangoni. Ilionyeshwa The Gods Must Be Crazy, ile ya chupa ya Coca-Cola inayotupwa kutoka kwenye ndege, na watu walianza kucheka chupa ikiwa bado hewani. Wameihifadhi kichwani. Kijana aliyenijazia flashi mjini Lilongwe aliitia humo bila kuulizwa: "Achimwene, hii haizeeki."

Naichukia. Kila nikisema hivyo naambiwa sijui kucheka, hivi ni vichekesho tu.

Basi tukitazame hicho kinachochekesha. Waasi wanavamia mkutano wa mawaziri na kuwamiminia risasi. Wanakimbia, wanavuka mpaka, wanamteka mwalimu pamoja na wanafunzi wake, wanawaswaga porini wawe ngao yao. Ukumbini watu walikuwa hoi kwa kicheko. Kwenye benchi la mbele yangu alikaa mama mmoja wa Fizi, Kongo, mwanawe mapajani. Watoto wa kwenye filamu walipoanza kutembea mstari mmoja na bunduki nyuma yao, yule mama alimfunika mwanawe uso kwa kitenge, akainuka, akapenya katikati ya magoti ya watu hadi nje. Hakusema neno. Wengi wetu humu tulivuka Ziwa Tanganyika tukiikimbia mistari ya namna hiyo. Kaka yangu alichukuliwa kubeba masanduku ya risasi, na hadi leo hajarudi. Nani anidai kicheko hapo?

Halafu Xi mwenyewe, yule Msani wa ile chupa. Msimulizi, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za wanyama wa mbugani, anatuambia Wasani hawana sheria, hawajui kumiliki kitu, hawana shida na yeyote. Ni uongo! Jamie Uys aliitoa filamu hii 1980, enzi za ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Wakati huo Wasani wa Tsumkwe, huko Namibia anakotoka N!xau aliyemwigiza Xi, walikuwa wamebanwa kwenye kipande tu cha ardhi yao, wakila unga wa mgao, na jeshi la Afrika Kusini likiandikisha vijana wao. Mwaka huohuo John Marshall alitoa filamu yake juu ya N!ai, mwanamke wa hukohuko. Humo unawaona watu hao na njaa yao na ugomvi wao, tena unawaona watu wa Uys wakipiga picha zao za mtu asiyehitaji kitu.

Mgao tunaujua sisi. Aliyesimama foleni tangu alfajiri, kadi mkononi, anahitaji vitu vingi mno. Anataka shamba. Anataka kibali cha kufanya kazi Lilongwe asije akakamatwa na kurudishwa kambini, kama walivyokamatwa wenzetu 2023 na kuyaacha maduka yao. N!xau naye alitaka. Alipoitwa kwa filamu ya pili, iliyotoka 1989, alidai malipo ya maana ili aijengee familia yake nyumba ya matofali yenye umeme na maji.

Xi anafungwa jela kwa kumpiga mshale mbuzi katika nchi ya babu zake, hata kosa lake halijui, nasi tunacheka. Tunacheka hapa Dzaleka, palipokuwa gereza la Rais Kamuzu Banda kabla hapajawa kambi 1994!

Mwalimu mmoja, rafiki yangu, alinibishia kwamba yote hayo tuyaache, tabasamu la N!xau peke yake linatosha. Hapo nakubali, tabasamu lile halina mfano, na ndilo linalonitia hasira kuliko yote. Uys alimpata mwigizaji wa kiwango kile, mtu ambaye watu wake waliijua njaa, wakaijua foleni, wakalijua jeshi, mtu ambaye angeweza kutuonyesha hayo yote kwa jicho tu. Akamvua nguo, akamvika kipande cha ngozi, akamwambia aishangae chupa.