Akimaliza Hapa Awe Nani?

Kwenye kikao cha wazazi mwaka jana tulikaa saa mbili nzima tukibishania mchango wa kambi ya darasa la saba. Mzee mmoja, mwenye mjukuu darasa la nne, akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu mtoto akimaliza hapa tunataka awe nani?" Mwalimu mkuu akajibu kuwa mkakati wa shule ni kufuta alama ya D. Tukapiga makofi. Nami nilipiga.

Swali la mzee yule nimelitembeza barazani, kazini, hata msibani. Majibu ni yale yale.

Naambiwa lengo lipo, limeandikwa kwenye sera. Kweli: ilikuwapo Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995, ikaja ya 2014, na sasa toleo lake la 2023. Ila lengo la pamoja ni lile ambalo mwalimu, mzazi na mtoto, ukimuuliza kila mmoja peke yake, watakupa majibu yanayokaribiana. Sisi kikaoni tulikuwa na herufi D tu.

Wa rika langu husema tulishajaribu, Elimu ya Kujitegemea ikatushinda. Hapa twende polepole. Andiko la Mwalimu Nyerere la Elimu ya Kujitegemea, la Machi 1967, lilikabili hesabu chungu: watoto wengi wa shule ya msingi wasingepata nafasi sekondari. Kwa hiyo elimu ya msingi ijitosheleze, isiwe foleni ya kungojea kidato cha kwanza. Lilitaka pia mtoto ajiamini na ahoji. Sasa nikumbuke nilivyosoma mimi, miaka ya 1980. Tulikwenda shuleni na majembe begani. Mahindi tuliyolima hatukuambiwa yaliuzwa wapi wala kwa bei gani, na aliyechelewa kuhesabu namba aliongezewa matuta mawili. Jembe likawa fimbo. Badala ya kuhoji tulijifunza kukwepa shamba, na wengine tukawa mafundi kwelikweli. Lengo halikutushinda, halikutufikia. Tulioshika mpini hatukuelezwa tunalima kwa ajili ya nini.

Wapo wanaosema mtihani unatosha. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, lakini mabango ya ufaulu yangali malangoni mwa shule. Mizani itakwambia nyama ina kilo ngapi. Haikwambii mchana unapika nini.

Na soko la ajira liamue? Soko lenyewe halijui litataka nini miaka 10 ijayo, na hiyo ndiyo miaka ambayo sera mpya inamtaka mtoto awe shuleni kwa lazima.

Hoja ninayoiheshimu ni hii: lengo moja litawafanya watoto wafanane. Lakini panda daladala yoyote. Ina mgonjwa, mchuuzi na mwanafunzi, kila mtu na lake, kila mtu na kituo chake. Hata hivyo inakokwenda kumeandikwa, na dereva akikatisha njia gari zima humpigia kelele.

Muhtasari wa kikao kile ninao. Swali la mzee limo ukurasa wa mwisho, chini ya "Mengineyo". Wazazi wenzangu, kikao kijacho tuombe liwe ajenda ya kwanza, kabla ya mchango wa kambi.