Komputa Haifi kwa Maneno Tu

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Naona sisi shuleni tunajenga kuta kila mwaka, na ufa wenyewe ni mdogo wa kuzibwa kwa kidole.

Sisi watu wa Busia na Malaba tunaijua bodaboda kuliko wote, manake jina lenyewe lilizaliwa hapa mpakani, baiskeli zilipokuwa zikibeba abiria kati ya Kenya na Uganda. Je, umewahi kumwona mwenye boda akitupa pikipiki kwa sababu imekataa kuwaka? Hata! Anachomoa plagi, anaipangusa, anairudisha, anapiga kiki. Mbona basi komputa hatuifanyii hivyo?

Katika chumba chetu cha komputa zimo mashine 12, lakini zinazofanya kazi ni 7. Zile 5 zimepangwa ukutani, vumbi tele. Ukiuliza unaambiwa eti "zimekufa". Ukiiwasha moja, taa inawaka, feni inazunguka, halafu skrini inaandika kwamba haioni diski. Basi, ikahukumiwa! Somo likifika tunabanana, mmoja anabonyeza, wengine tunatazama kama watazamaji wa mpira. Mtihani nao hautatuuliza nani alikuwa akitazama.

Likizo ya Desemba nilimsaidia mjomba katika duka lake la fotokopi huko Malaba. Alikuwa amenunua komputa Busia, ikaletwa kwa boda, ikirushwarushwa njia nzima. Ilipofika, diski haionekani. Fundi mmoja akasema diski imekufa, ya kununua ni shilingi 4,500. Mjomba alikuwa keshatia mkono mfukoni. Binamu yangu, ambaye hutengeneza malori pale kwenye foleni, akasema, "Baba, hebu ngoja kwanza. Hata lori hatulitoi injini kabla ya kuangalia waya za betri." Tukaifungua. Kumbe waya mmoja ulikuwa umechomoka nusu! Tukausukuma, mashine ikaamka na barua zote za wateja zikiwemo. Dakika kumi, gharama sifuri.

Tangu siku hiyo nimejifunza mengi kwa mwalimu wetu. Diski za kisasa za SATA huwa na waya mbili: mpana wa kuleta umeme, na mwembamba wa kupeleka habari kwenye bodi kubwa ya ndani. Zima mashine, ichomoe ukutani, gusa chuma cha kasha ili umeme ulio mwilini mwako usiharibu kitu. Kisha chomoa waya hizo, pangusa vumbi, rudisha kwa nguvu ya kiasi. Ikigoma, jaribu waya mwingine au tundu lingine. Baadaye ingia kwenye BIOS mara tu unapowasha. Aghalabu ni F2, F10 au Del. Ukiliona jina la diski pale, ujue waya ni nzima. Huenda mpangilio wa kuwaka ndio umevurugika. Tarehe nayo ikiwa imerudi miaka ya nyuma, shuku ile betri ndogo mfano wa kifungo cha koti, aghalabu CR2032 ya volti 3. Lakini ukisikia diski inalia ta-ta-ta, acha kuiwashawasha. Hiyo kweli ni mgonjwa, na kazi zilizomo ziokolewe kwanza.

Najua wapo watakaosema wanafunzi wataharibu. Ni kweli, anayeshika asichokijua huharibu, na lile boksi la umeme la ndani lisifunguliwe na mwanafunzi yeyote. Walakini, tutajua lini kama kazi yetu ni kutazama tu? Mashine ambayo tayari inaitwa maiti, tutaiua mara ngapi?

Ombi langu kwa walimu wetu wapendwa ni moja. Tupeni Jumamosi moja, bisibisi moja, na mwalimu wa kutusimamia. Komputa yoyote isiitwe imekufa kabla waya zake hazijaguswa. Hata tukifufua mbili tu kati ya zile tano, wenzetu kadhaa wataacha kutazama na wataanza kubonyeza.



Mwanachama, Kidato cha Tatu