Watafiti wa kompani za teknolojia: cheo kinaonyesha nini, kinaficha nini?

Kijana wa Goma, Bukavu ao Bunia mwenye diploma ya informatike akisoma matangazo ya kazi ya kompani za akili bandia, anapotea upesi. Huku Congo, ngazi za chuo kikuu zinajulikana: asistanti, shefu wa travo, kisha profesa. Mtu akitaja cheo, kila mmoja anajua amefika wapi.

OpenAI na Anthropic, kompani mbili za Marekani, zina njia ingine. Mtafiti na injinia, mgeni na mzoefu, wengi wanabeba jina moja tu: mfanyakazi wa kiufundi. Jina hilo ni la zamani. Lilitumika Bell Labs, maabara ambamo transista ilizaliwa mwaka 1947. Shabaha ni kutotenga anayefikiri na anayejenga. Ni wazo zuri, lakini jina moja halimaanishi mshahara mmoja. Anayetoka inje hawezi kujua nani analipwa nini.

Google inahesabu ngazi kwa namba. Mwaka 2018, gazeti la The New Yorker liliandika kwamba watu wawili tu ndio walikuwa wamefika ngazi ya 11: Jeff Dean na Sanjay Ghemawat. Dean alikuwa anaongoza watu maelfu. Ghemawat yeye alibaki kuandika programu, bila kuwa shefu wa mtu. Huku kwetu, mtu akipanda cheo bila kupewa watu wa kutuma, hata familia itauliza kama alipanda kweli!

Na kazi yenyewe haifuati cheo kila mara. Andiko la 2017 lililoleta mtindo wa "Transformer", ambao ChatGPT imejengwa juu yake, lina waandishi wanane. Wenyewe waliandika kwamba wote walichangia sawa, na majina yamepangwa bila kufuata ukubwa. Mmoja wao, Aidan Gomez, alikuwa stajieri tu.

Lakini kuna watu ambao hawako hata kwenye ngazi ya chini. Mwezi wa kwanza 2023, gazeti TIME lilieleza habari ya wafanyakazi wa Nairobi waliosoma maandishi ya ukatili na kuyawekea alama, ili mashine ya OpenAI ijifunze kuyaepuka. Walipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kontra yao ilikuwa na Sama, kompani ya katikati, si na OpenAI. Kwa hiyo hapakuwa na cheo cha utafiti cha kuomba, wala ngazi ya kupanda. Mwezi wa pili 2022 Sama ilikatisha kazi hiyo, miezi minane mbele ya wakati uliopatanwa.

Tangazo la namna hiyo likifika huku, cha kuangalia kwanza ni kompani gani itatia sahihi kwenye kontra. Jina la cheo lifuate nyuma.