Matanga Yakiondolewa, Tuzihesabu na Nyimbo

Wapendwa wa Kwa Sadala, nanyi wa Masama, Machame na Boma Ng'ombe,

Mwaka 2009, siku habari zilipotufikia kwamba mwimbaji wa injili Fanuel Sedekia amefariki Israeli, akiwa safarini katika Nchi Takatifu, nilikuwa sokoni nanunua ndizi mshare. Mama aliyekuwa akiniuzia aliacha kuhesabu chane, akaniuliza: "Sedekia huyu wetu?" Sedekia alikuwa mtu wa Arusha. Yule mama hakuwahi kumwona hata mara moja. Lakini alisema "wetu", na mimi nikaitikia, ndiyo mama, wetu.

Ndivyo tunavyowapata waimbaji wa injili. Sauti zao hutukuta kwenye basi la alfajiri, kwenye kibanda cha mama lishe, wodini, chini ya turubai la msiba wa jirani. Tumezika wazazi wetu kwa sauti zao. Miaka miwili kabla ya Sedekia, Septemba 2007, tulimlilia Angela Chibalonza, binti wa Kongo aliyeishi na kuimba Kenya, aliyechukuliwa na ajali ya barabarani. Wapo waliozima redio wiki nzima kwa sababu hawakuweza kuisikia sauti yake wakajizuia. Aliyetufariji kwenye misiba yote iliyopita anapoondoka, mtu hujiona amefiwa mara mbili.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo, nalo nalipeleka kwa wazee wa kanisa na wainjilisti: tuwaache watu walie. Nimewasikia mno wanaosimama mbele ya jeneza la mwimbaji na kuwakemea wafiwa, eti Mkristo halii, marehemu amekwenda kuimba mbinguni. Bwana wetu alilia Bethania kwenye kaburi la Lazaro, naye alijua dakika chache mbele atamwita atoke. Daudi alipompoteza Yonathani alitunga ombolezo, akaagiza wana wa Yuda wafundishwe. Basi kwaya ikikatika katikati ya ubeti kwa kilio, mwalimu asiwapigie makofi ya kuwaamsha. Awasubiri. Na sisi tusubiri nao.

Ila lipo jambo zito zaidi.

Kitabu cha Matendo kinatusimulia habari za Dorkasi wa Yafa, mji ulioko katika nchi ile ile alikofia Sedekia. Petro alipofika, wajane walimzunguka wakilia, huku wakimwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi aliwashonea alipokuwa hai. Nimeisoma habari hiyo tangu mafundisho ya kipaimara, lakini nimeielewa juzi juzi tu. Wanawake wale hawakuishia kusema marehemu alikuwa mtu mwema. Walileta kazi ya mikono yake, wakaitandaza mbele ya macho, nguo kwa nguo.

Sisi tunatandaza nini?

Nitawaambia nilichokiona. Katika usharika mmoja wa huku kwetu alifariki mama mmoja mwimbaji. Alikuwa ametunga nyimbo nyingi, nyingine zimerekodiwa, nyingine bado zilikuwa vinywani mwa kwaya tu. Mazishi yalikuwa makubwa: matarumbeta, kwaya za mitaa yote, rambirambi zimeandikwa daftari zima. Siku ya kuondoa matanga ukoo ukakaa. Mzee akasoma mali za marehemu: kihamba (shamba la ukoo), ng'ombe, mbuzi, mabati yaliyokuwa yamenunuliwa kwa ajili ya jiko jipya, deni la chama cha kuweka na kukopa. Hata majembe yalitajwa. Nyimbo hazikutajwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Haikumjia mtu yeyote kichwani kwamba wimbo nao ni mali. Baadaye nikasikia mmoja wa nyimbo zile kwenye simu ya mtu kama mwito. Nikamuuliza binti wa marehemu kama wanapata chochote. Alinitazama kama mtu anayeulizwa habari za nchi asiyoifahamu.

Ndugu zangu, wimbo ni mali, na sheria yetu inautambua hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote, na baada ya kifo chake haki ya kazi aliyotunga huendelea kwa miaka 50. Pigeni hesabu: nyimbo alizotunga mtu aliyefariki mwaka 2009 zinalindwa hadi 2059. Mtoto aliyeachwa mgongoni atakuwa ana wajukuu. Hapa Kilimanjaro tunapelekana mahakamani kwa mpaka wa kihamba wa upana wa mgomba mmoja, kisha urithi wa nusu karne tunauacha ukipita njia bila mwenyewe.

Nawasihi basi. Ukoo unapokaa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, kabla ya muhtasari kwenda mahakama ya mwanzo, mtu mmoja aulize: je, marehemu alitunga? Nyimbo gani? Zilirekodiwa studio ipi, na mkataba uko wapi? Zilisajiliwa COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki? Ukurasa wake wa YouTube unafunguliwa na nani, na namba ya simu iliyousajili iko mikononi mwa nani? Laini hiyo msiiache ifungiwe. Yaandikwe majina ya nyimbo mojamoja kwenye orodha ya mali, kama tunavyoandika ng'ombe kwa rangi yake. Ofisi ya Hakimiliki ipo kwa ajili ya kusajili kazi kama hizo, na vijana wetu wanaoijua mitandao kuliko sisi wanaweza kuwashika mkono wazee.

Najua watakaoniambia kuwa wimbo wa injili ni sadaka, hauuzwi. Nawaheshimu, na watunzi wetu wengi waliimba kwa moyo huo. Lakini kumbukeni mnada wetu wa Jumapili baada ya ibada. Mkungu ule unaonadiwa pale nje umebebwa na mwenyewe kutoka shambani kwake, akijua anamtolea Mungu. Hakuna mzee wa kanisa anayeingia kihambani kwa mjane usiku akakata mkungu, asubuhi akauita sadaka. Kama mtunzi aliutoa wimbo wake kwa usharika, iandikwe hivyo angali hai, yeye na viongozi watie sahihi. Kama hakuutoa, tusimtolee.

Na sisi wasikilizaji tumo. Tuliokuwa tukinakili kanda, kisha CD, na leo tunahamishiana nyimbo kwa simu, tumemlilia mwimbaji kwa machozi ya kweli huku tumekula jasho lake. Nasema tumekula kwa sababu nami nilikuwa na kanda za namna hiyo kabatini. Zile fedha tunazochangia kwa haraka akilazwa, tungempa kidogokidogo kwa kununua nakala halali, pengine asingelazimika kutembezewa kapu la mchango.

Ombi la mwisho ni kwa walimu wa kwaya, hasa ninyi wazee wetu mliofundisha kwa nota za sulufa ubaoni, kabla ya kinanda cha umeme kufika. Nyimbo zenu bado zinaimbwa kila Jumapili, na vijana wanaoziimba wanadhani zilishuka zenyewe. Mnayo madaftari yale yenye jalada gumu, wino umeanza kufifia, jina la wimbo juu, tarehe pembeni. Yatoeni kabatini. Mwiteni mjukuu mwenye simu apige picha kila ukurasa, naye aandike chini yake ni nani aliyetunga na mwaka gani.

Wiki hii naanza na mwalimu wangu mwenyewe, juu kule njia ya Masama. Ana zaidi ya miaka themanini na bado anaimba besi. Nitambebea kalamu na daftari jipya.