Mbegu iliyolala isiitwe feki

Mbegu zikigoma kuota, mfanyabiashara wa mpakani hupata hasara mara mbili: hudaiwa fedha, kisha hupoteza jina. Kuanzia Namanga hadi Mutukula, neno "feki" husambaa sokoni haraka kuliko lori. Likishatamkwa, ni nadra mtu kuuliza swali la msingi: mbegu hizo zilivunwa lini?

Swali hilo lina uzito kwa sababu mbegu iliyo hai inaweza kukataa kuota hata ikipata maji, hewa na joto. Wataalamu huiita hali hiyo bwete. Kwa lugha nyepesi, mbegu imelala. Hiyo ni kinga ya mmea. Mpunga usio na usingizi huweza kuota ukiwa bado kwenye suke, mvua ikinyesha wakati wa mavuno. Zipo aina zinazolala wiki chache na zipo zinazolala miezi. Karanga nazo hutofautiana: za kundi la Spanish huota karibu mara tu baada ya kuvunwa, ilhali za kundi la Virginia huhitaji muda wa kupumzika.

Kwenye viazi mambo hugeuka. Shangi, aina inayopendwa sana Kenya, huanza kuchipua wiki chache tu baada ya kuvunwa. Anayetaka kupanda mapema hufurahi. Anayetaka kuweka ghalani hulia. Aina nyingine hulala miezi miwili au mitatu, na zikipandwa kabla ya wakati huchelewa kuchomoza, nyingine zikaozea ardhini.

Kwa hiyo tarehe ya mavuno ni sehemu ya bidhaa, sawa na uzito na bei. Mbegu zilizothibitishwa huja na lebo yenye kiwango cha uotaji. Lakini nyingi huvuka mpaka zikitoka kwa mkulima hadi kwa mkulima bila maandishi yoyote, na ugomvi huanza msimu ukiwa umeshapotea.

Ni kweli, mbegu feki zipo, na tapeli anaweza kujificha nyuma ya neno "zimelala". Ndiyo maana kipimo kinahitajika kabla ya fedha kubadilishana mikono. Mbegu 100 za mpunga au karanga, zilizochotwa bila kuchagua, hulazwa kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku 7 hadi 10. Zilizoota huhesabiwa. Zisizoota hubonyezwa: iliyolainika na kuoza imekufa, iliyobaki ngumu na safi huenda imelala.

Iliyolala husubiriwa, au huamshwa. Maabara huamsha mpunga kwa kuupasha joto la nyuzi 50 za Selsiasi kwa siku kadhaa. Viazi huwekwa gizani penye joto kiasi hadi vichipue, kisha huhamishiwa penye mwanga hafifu ili machipukizi yawe mafupi na imara.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani havihitaji kusubiri mkutano wa mawaziri. Vikubaliane kwamba kila gunia la mbegu libebe jina la aina na tarehe ya mavuno, na asiyeandika asinunuliwe. Gharama yake ni kalamu na kipande cha boksi. Gharama ya kutoandika ni msimu mzima wa mkulima, na mteja asiyerudi tena.