Diwani Zetu Zisilale Nyumba za Kupanga

Kuna maneno yaliyozoeleka siku hizi vinywani mwa washairi na waandishi wetu, nayo ni kwamba mwenye ukurasa wa Facebook na kundi la WhatsApp hana haja tena ya tovuti yake mwenyewe. Maneno haya husemwa kwa upole, aghalabu na watu wenye nia njema, lakini madhara yake si madogo. Makala haya yamekusudiwa kuyapinga.

Tuanze na hali ilivyo. Shairi hutungwa usiku, asubuhi likatumwa kundini, adhuhuri likawa limeshasambaa makundi kumi, na jioni likazikwa chini ya salamu za kheri, matangazo ya vifo na picha za mpira. Baada ya mwezi mtunzi mwenyewe hulitafuta asilione. Akifariki, na laini yake ikakaa muda bila ya kutumika, namba ile ile huweza kupewa mtu mwengine, na kazi ya miaka ishirini ikaondoka pamoja na simu iliyozimika. Wazee walisema mali bila ya daftari huisha bila ya habari. Sisi tunalo daftari, ila tumelikabidhi kwa watu tusiowajua.

Atakayesema kuwa kampuni kubwa haziwezi kufunga milango yao na atazame yaliyopita. GeoCities, iliyoanza mwaka 1994, iliwapa watu nafasi ya bure ya kujenga kurasa zao. Yahoo ikainunua mwaka 1999, na mwezi wa Oktoba 2009 ikaifunga. Sehemu kubwa ya kilichosalia kilisalia kwa sababu watu wa kujitolea waliwahi kunakili. Walimu waliohifadhi masomo yao Wikispaces walianza kufungiwa mwaka 2018. Mwaka 2019 Google+ iliwafungia watu binafsi, na mwaka huo huo MySpace ilikiri kuwa nyimbo, picha na video zilizowekwa kabla ya 2016 zilipotea katika kuhamisha seva. Katika wapangaji wote hao, nani aliyeulizwa rai yake? Nguo ya kuazima haisitiri matako, na ya bure ndiyo fupi zaidi.

La kusikitisha ni kwamba uwanja huu haukuasisiwa kwa ajili ya wapangaji. Tim Berners-Lee alipobuni wavuti akiwa CERN, Geneva, kivinjari chake cha kwanza cha mwaka 1990 kilikuwa cha kusomea na cha kuandikia pia. Mwezi wa Aprili 1993 CERN ikaitoa teknolojia hiyo kwa walimwengu wote bila ya malipo, mithili ya kiwanja kilichowekwa wakfu. Kila mwenye mkono angeweza kujenga. Ni ajabu basi kwamba sisi, watu wa visiwa tunaojisifu kwa ujenzi wa mawe na chokaa, tumekubali kulala barazani kwa wengine.

Hoja ya kwanza ya wapinzani wetu ni kwamba wasomaji wako katika mitandao ya kijamii, hawaji kwenye tovuti. Ni kweli kwamba wako huko. Lakini mwenye kwenda sokoni kuita watu halazimiki kulala sokoni. Na aweke anuani ya shairi lake kundini, wenye hamu watalifuata; shairi lenyewe libaki nyumbani kwake, na jina lake, na tarehe yake.

Hoja ya pili ni wizi wa kazi. Hii nayo haina nguvu, kwani huko makundini ndiko mashairi yanakosambazwa yakiwa yamekatwa beti ya mwisho, ile yenye jina la mtunzi. Tovuti haitamzuia mwizi, lakini itampa mwenye mali mahali pa kuonesha mali yake.

Hoja ya tatu ndiyo inayotushughulisha zaidi, kwamba kazi hii ni ya mafundi. Hapa hatuna budi kuingia katika ufundi wenyewe, kidogo tu. Ukurasa una mambo mawili: maneno, na vazi la maneno. Maneno huandikwa kwa alama za HTML zinazosema tu kitu hiki ni nini: hiki ni kichwa, huu ni ubeti, hii ni sherehe. Vazi, yaani aina ya herufi, rangi, upana na nafasi, hukaa mbali, katika faili jengine liitwalo laha ya mitindo, kwa ufupi CSS. Fikra hiyo ilipendekezwa mwaka 1994 na Håkon Wium Lie, Mnorway aliyekuwa CERN. Akaiendeleza pamoja na Bert Bos, na ikapitishwa rasmi mwezi wa Disemba 1996. Faida yake ni kwamba mwenye mashairi mia mbili akitaka kubadilisha sura ya diwani nzima hubadilisha faili moja tu, bila ya kugusa hata herufi moja ya shairi.

Fikra hii si ngeni kwetu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi nyingi kwa khati ya Kiarabu, na pia alikuwa mchongaji wa mbao. Nakshi aliijua, na neno aliliheshimu. Miswada ya mkono wake ingalipo SOAS, London, kwa kuwa kila nakala ilibeba maneno kamili, ya kusomeka na ya kunakilika tena.

Sasa tulitazame shairi letu. Mshororo una ukwapi na utao, mizani minane kwa minane, na vina viwili vinavyotakiwa vionekane vimesimama safu moja. Mtunzi akitenganisha vipande kwa kubonyeza nafasi nyingi, kivinjari huzifanya zote kuwa nafasi moja, na shairi likavurugika. Hapo wengi hukata tamaa, wakalitoa shairi kwa sura ya picha. Picha hiyo haiwezi kutafutwa, kipofu anayesomewa na simu yake haisikii, na ni nzito: beti mia moja za maandishi matupu hazifiki kilobaiti 30, ilhali picha moja ya simu yaweza kuwa megabaiti 3, yaani mara mia na zaidi. Msomaji wa Micheweni ndiye anayelipia data hiyo. Dawa yake ni nyepesi. Kila kipande kitiwe ndani ya alama yake, na laha ya mitindo iamrishe kwamba penye kioo kipana vipande visimame ubavu kwa ubavu, na penye simu nyembamba utao ushuke chini ya ukwapi. Alama zinazohitajika hazifiki kumi. Mtu aliyejifunza mizani, vina na kituo atashindwaje na alama kumi?

Wako pia wenzetu wa upande huu wanaostahiki kukosolewa. Hawa hujenga kwa mbwembwe: maandishi yanayokimbia, muziki usioombwa, na neno “inatengenezwa” lililodumu miaka mitano. Waliojenga kwa Flash waliona mwisho wa 2020, Adobe ilipoacha kuihudumia, kurasa zao zikawa tupu. Kurasa sahili za HTML za miaka ya mwanzo ya 1990 zinafunguka hadi leo.

Ama wiki, ni tovuti ambayo msomaji naye huweza kuihariri. Ward Cunningham aliianzisha mwaka 1995 na akaipa jina la mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu. Katika lugha ya Hawaii, wiki ni haraka. Neno lenyewe basi ni la watu wa visiwa. Baadhi yetu huikataa kwa kuogopa kila mtu kutia mkono, na wengine huipenda hata wakataka kila kitu kiwe wiki. Wote wamekosa. Shairi si wiki: kina cha mtunzi hakihaririwi na mpita njia. Lakini sherehe ya maneno ndiyo mahali pake. Majina ya pepo, ya samaki, ya sehemu za ngarawa, na msamiati wa Makunduchi, Tumbatu na Pemba, hakuna mtu mmoja ayajuaye yote, na kidole kimoja hakivunji chawa. Wiki huhifadhi kila badiliko, na likiharibika hurejeshwa lilivyokuwa. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makumi ya maelfu ya makala yaliyoandikwa hivyo. Sharti ni moja: awepo msimamizi, la sivyo watangazaji wa biashara wataijaza takataka.

Mwisho ni utunzaji. Wakaazi wa Mji Mkongwe wanajua kuwa maji yanayopenya darini yaweza kuimaliza nyumba ya chokaa pole pole, na hakuna aliyesikia kishindo. Tovuti nayo ni vivyo hivyo. Jina lake la anuani hulipiwa kila mwaka, na lisipolipiwa huchukuliwa na mwengine. Lisajiliwe kwa jina la mwenyewe, si la fundi, na neno la siri lijulikane na mrithi mmoja. Nakala ziwekwe mahali pawili. Hayo yote ni kazi ya saa chache kwa mwaka.

Kwa hivyo tunawaomba watunzi, vyama vya fasihi na skuli zetu: kila mwenye diwani simuni mwake na aitoe humo mwaka huu, aiandike kwa alama sahili, na aiweke chini ya jina lake. Wazee wetu walinakili kwa kalamu ya mwanzi na taa ya mafuta. Sisi hatuna udhuru.